Msimamizi na Kodiani Yake

Saa kumi na nusu jioni gari la mume wangu huingia uani, na hapo ndipo taabu huanza. Gari linaingia, injini inazimwa, lakini mtu hatoki.

Mimi niko jikoni. Mchana nimepikia watoto wa shule mia mbili, na sasa napika tena kwangu. Leo ni Alhamisi, kwa hiyo ni supu ya njegere, kama nyumba zote za mji wetu. Nje kumekuwa giza tangu saa tisa na nusu. Naliona gari likifunikwa na theluji polepole, na mume wangu yumo ndani. Muziki unalia humo kwa nguvu. Ni ngoma tupu, du, du, du, mpaka vikombe vinatikisika kabatini.

Dakika kumi zinapita, kisha ishirini. Supu inapoa. Naipasha moto, inapoa tena.

Mwanzo nilidhani ana mwanamke. Leo nacheka, lakini siku hiyo sikucheka. Nilivaa buti, nikatoka, nikachungulia dirishani. Hapakuwa na mwanamke. Hata simu hakuwa ameishika. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, akiangalia mlango wa ghala letu.

Niligonga kioo. "Ilpo! Unaendesha kwenda wapi?"

Hakusikia. Niligonga tena, akashtuka.

"Nakuja," alisema.

"Supu imepoa."

"Kula wewe, Marjut."

Nilikasirika. Nilirudi ndani nikala peke yangu, na bakuli lake nikaliacha mezani alione. Ndivyo tulivyoishi tangu Septemba mpaka Novemba.

Mume wangu ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mbao. Magogo yanaingia upande huu, mbao zinatokea upande ule. Ana watu thelathini na wanane chini yake. Zamani alikuwa mmoja wao. Alisimama kwenye msumeno mkubwa miaka ishirini na miwili, na vidole vyake vyote kumi bado anavyo. Alipopandishwa cheo, watu walisema amestahili.

Pia alikuwa mpiga kodiani, kile kinanda cha kubeba kifuani, cha kuvuta na kusukuma. Walikuwa bendi ya watu wanne, wote wa kiwandani. Rafiki yake Raimo alipiga gitaa la besi. Kiwandani Raimo alikuwa mkaguzi. Mbao zilipita mbele yake mbio, naye akazitenga kwa macho, nzuri huku, mbovu kule. Hao wawili walisoma darasa moja tangu wakiwa na miaka saba.

Kila Jumamosi ya kiangazi walipiga kwenye banda la dansi kando ya ziwa. Kwetu watu hupenda muziki wa tango, nyimbo za huzuni za kucheza wawili wawili. Mtu ameachwa, mvua inanyesha, mpenzi haandiki barua. Wakisikia hayo wanakumbatiana, wanacheza, wanarudi nyumbani wamefurahi. Usiniulize kwa nini. Mimi mwenyewe nilimpata mume huyu kwa njia hiyo.

Basi, siku alipopewa usimamizi, Ilpo alirudi nyumbani, akaifungia kodiani kwenye sanduku lake.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Nimeacha bendi."

"Kwa nini?"

"Jumamosi nicheke na Raimo jukwaani, Jumatatu nimwambie amechelewa kazini? Haiwezekani. Bosi hawapigii dansi watu wake."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Inajulikana."

Na mimi, mjinga mkubwa, nikaona ana akili. Sanduku lilikuwa zito. Nilishika upande mmoja, yeye akashika mwingine, tukalipeleka ghalani. Ghala letu halina moto. Baridi ikifika nyuzi thelathini chini ya sifuri nje, humo ndani ni hivyo hivyo. Kodiani ilikaa huko majira mawili ya baridi.

Usimamizi si mchezo. Msumeno ukisimama, anaulizwa yeye. Mtu akiumwa, yeye ndiye atafute mwingine. Wakubwa wanataka mbao zaidi, wafanyakazi wanataka mapumziko, naye yuko katikati. Polepole alianza kubadilika. Usiku alisaga meno. Chakula hakikumpendeza. Akiulizwa hali, alijibu, "Inakwenda." Sisi ni watu wa kunyamaza, na jibu hilo linatosha hata kama nyumba inaungua.

Kisha ikaja habari ya bahasha. Lazima niseme, ingawa ni aibu yetu.

Majira ya baridi yaliyopita kiwanda kilipunguza watu watatu wa zamu ya Ilpo. Ilikuwa kazi yake kuwaambia. Alisema atawaambia kesho. Kesho ikafika, akasema kesho kutwa. Siku ya mwisho alichukua bahasha tatu, akazibandika kwenye makabati yao ya nguo, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Mmoja wao alikuwa Sirkka, aliyekuwa amefanya kazi hapo miaka thelathini na mmoja. Aliifungua bahasha yake wenzake wakimwangalia, kofia ngumu bado ikiwa kichwani. Tangu siku hiyo, Sirkka akiniona dukani hugeuza kikapu chake na kupita njia nyingine. Simlaumu hata kidogo.

Novemba hiyo nilipigiwa simu kazini. Nilikuwa na mikono iliyojaa unga.

"Njoo umchukue mumeo," sauti ya mwanamke ilisema. "Ni mimi Outi, muuguzi wa kiwandani. Yu mzima, lakini asiendeshe gari."

Nilifika nikiwa na aproni chini ya koti. Ilpo alikuwa amekaa kitini, mkono mmoja umefungwa kipimo cha presha. Uso wake ulikuwa mweupe kabisa.

"Imekuwaje?"

Ilpo alimwonyesha Outi kwa kidevu. Outi alimtazama, akasubiri, kisha akasema, "Mweleze mwenyewe, bwana Ilpo. Mimi sikuwepo."

"Nilimfokea Raimo," Ilpo alisema. "Mbele ya wote. Nilimwita kipofu."

"Raimo? Wewe?"

"Alinijibu kitu, sikumsikia. Masikio yalikuwa yanavuma. Halafu miguu ikaisha nguvu."

Outi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mikubwa na soksi za sufu. Hakuwa na haraka. Alinivutia kiti, akasema, "Presha yake ni mia moja sabini na mbili juu, mia moja na nne chini. Hiyo ni ya juu sana. Kesho ataonana na daktari, nimeshapanga. Na maumivu ya kifua yakimpata, mama, usingoje kesho. Piga simu ya dharura hapo hapo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Sasa, bwana Ilpo. Kazi ikikubana, unajipumzisha vipi?"

"Kwa muziki," alisema.

"Muziki!" Nilishindwa kujizuia. "Ule si muziki, ni mtu anapasua magogo. Anakaa garini nusu saa, kelele mpaka vikombe vinaruka."

"Inanisaidia kutofikiri," Ilpo alisema.

"Ukizima, mawazo yanakuwa yameondoka?" Outi aliuliza.

Ilpo alijibu, "Hapana. Yananisubiri mlangoni."

"Na moyo unapiga polepole au haraka?"

"Haraka."

"Sikia. Muziki wa haraka na wa kelele si mbaya. Ukitaka kupasua kuni au kukimbia, utakusaidia. Lakini mwili wako umeshakimbia kutwa nzima. Ukiupigia ngoma ya mbio, unauambia uendelee kukimbia. Halafu unashangaa usingizi hauji."

"Kwenye semina ya viongozi tulipewa orodha ya nyimbo za furaha," Ilpo alisema. "Mkufunzi alitoka jijini. Alisema tuzisikilize kila asubuhi tupate moyo."

"Ulizisikiliza?"

"Mara moja. Nilitaka kuitupa redio ziwani."

Outi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka humo. "Sikushangai. Mtu ana mzigo moyoni, wewe unamwambia aruke-ruke. Usianzie mahali ambapo hupo. Anza na wimbo unaofanana na hali yako. Kama una huzuni, uwe wa huzuni. Kama una hasira, uwe na hasira kidogo. Kisha uje wa pili, mtulivu zaidi. Kisha wa tatu, wa taratibu kabisa. Unaushika mwili mkono, unaushusha ngazi moja moja."

"Kwa muda gani?"

"Dakika kumi mpaka ishirini zinatosha. Kila siku, saa ile ile. Simu iweke mbali. Sauti iwe ndogo. Mkeo akikuita usikie, na masikio yako uyatunze, yameshakula msumeno miaka mingi. Vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, itoe ukihesabu mpaka sita. Ukiweza kuimba au kuguna na wimbo, bora zaidi, kwa sababu kuimba kunarefusha pumzi. Na ukiwa na jambo gumu la kusema, fanya hivyo kabla hujaenda, siyo baada ya kuharibu."

"Dakika kumi za nyimbo, na kazi itapungua?" Ilpo aliuliza kwa kejeli kidogo.

"Haitapungua," Outi alisema. "Na ndiyo maana nakwambia usiufanye muziki kifuniko. Nyimbo hazitalala badala yako, hazitakumezea dawa, na hazitasema na meneja wako kwa niaba yako. Zinakutuliza ili wewe uweze kuyafanya hayo."

Alivua kipimo. Kisha akauliza, "Unapiga ala yoyote?"

Ilpo aliangalia sakafu. Nilimjibia mimi. "Kodiani. Alipiga miaka ishirini na mitano. Aliacha alipokuwa msimamizi."

"Nani alimkataza?"

"Hakuna," Ilpo alisema.

Outi alimwangalia kwa muda juu ya miwani yake. "Basi umeondoa kitu kimoja kilichokuwa kikikubeba, wakati ule ule ulipoongezewa mzigo," alisema.

Njiani niliendesha mimi. Tukafika darajani. Hapo akasema, "Watu wanane, Marjut."

"Wanane nini?"

"Watakaoondoka kabla ya mwaka mpya. Mashine mpya imenunuliwa. Ina kamera, inakagua mbao yenyewe. Sina ruhusa ya kusema mpaka mazungumzo na chama cha wafanyakazi yaishe."

Nilielewa kabla hajamaliza. Nani mwingine alikagua mbao kwa macho?

"Raimo yumo," nilisema.

"Raimo yumo. Sikumchagua mimi. Lakini mimi ndiye wa kumwambia, na kila nikimwona namwona akisimama mbele ya kabati lake. Nitabandika tena bahasha, Marjut. Najijua. Siku itafika, koo litafunga, nitabandika."

Nilisimamisha gari uani. Siku hiyo tulikaa garini wote wawili, bila muziki.

Keshoye alikwenda kwa daktari, akapewa dawa za presha. Aliporudi tulikwenda ghalani, tukaitoa kodiani chini ya turubai. Ilpo hakunikubalia kuifungua. Alisema kitu kilichoganda kikifunguliwa ndani ya joto kitatoa maji. Tuliliweka sanduku kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna, bafu letu la mvuke, likapata joto lenyewe siku nzima.

Jumamosi aliifungua. Alipitisha mikono kwenye mikanda, akavuta.

Ee Mungu wangu. Sauti nyingine zilitoka, nyingine hazikutoka kabisa. Moja ilikwama ikawa inalia bila kukoma. Ndani ya kodiani kuna vibati vyembamba vya chuma vinavyotoa sauti, na vimeshikizwa kwa nta. Baridi ilikuwa imeipasua nta. Ilpo aliitikisa kidogo, tukavisikia vibati vikigongana ndani.

Aliketi na kodiani mapajani. Machozi yalimtoka, mume wangu ambaye hakulia hata kwenye mazishi ya baba yake. Nami nililia, kwa sababu nilikuwa nimeshika upande mmoja wa lile sanduku.

"Nani anaweza kuitengeneza?" niliuliza.

"Raimo," alisema. "Ni yeye aliyekuwa anaitia nta."

Basi, ungefanyaje? Hatukuwa na la kufanya. Alianza na hiyo hiyo mbovu.

Tangu Jumatatu, saa kumi na nusu gari lilipoingia, mtu alitoka. Alivua buti, akaenda chumba cha sauna, akakaa dakika kumi na tano. Alianza na tango zito, la huzuni tupu. Palipokuwa na sauti iliyokufa, aliguna kwa mdomo. Wimbo ulikuwa na mapengo, lakini uliendelea. Kisha alipiga wa pili, mwepesi kidogo. Kisha ule wa kulaza watoto, ambao alimpigia binti yetu Saana alipokuwa mdogo. Alikuwa akivuta kodiani na pumzi pamoja, polepole.

Kisha alikuja mezani, na supu ilikuwa ya moto.

Sitaki kukudanganya. Wiki ya kwanza hapakuwa na tofauti. Siku moja alitupa mkate ukutani kwa sababu siagi ilikuwa ngumu. Nikamwambia, "Okota, kisha nenda ukamalizie dakika zako." Aliokota. Wiki ya pili alilala mpaka asubuhi mara tatu. Meno aliacha kuyasaga. Nilianza kumuuliza hali, naye akaanza kunijibu kwa sentensi nzima, jambo geni nyumbani kwetu.

Wiki ya tatu alimwomba Raimo msamaha kwa kumwita kipofu. Alifanya hivyo mbele ya wote, kwa sababu mbele ya wote ndipo alipomfokea. Raimo alitikisa kichwa tu, akaendelea na mbao zake.

Kisha akaenda kwa meneja. Zamani alikuwa akienda kwa meneja na kurudi amegombana. Safari hii alikaa kwanza ofisini kwake, mlango umefungwa, akasikiliza nyimbo tatu kwa sauti ndogo, akihesabu pumzi. Alikuwa ameandika mambo matatu kwenye karatasi. Kila mtu aambiwe peke yake, chumbani, akiwa amekaa. Wasiambiwe wote siku moja. Muuguzi awepo jirani. Meneja alilalamika juu ya muda, lakini alikubali siku mbili.

"Kwa nini hukusema hivi mwaka jana?" meneja alimuuliza.

"Mwaka jana nilikuwa nasema kwa kelele," Ilpo alimjibu. "Na maneno yenyewe sikuwa nayo."

Alikwenda pia kwa Sirkka. Alitaka kumwomba radhi. Sirkka alimfungulia mlango nusu, akamwacha asimame kwenye theluji. Ilpo akasema yote aliyokuja kusema. Sirkka akajibu, "Nimesikia," akafunga mlango. Mpaka leo haijafika zaidi ya hapo. Jioni hiyo ule wimbo wa kwanza aliurudia mara tatu.

Siku ya Raimo ilikuwa Alhamisi. Asubuhi Ilpo alivaa shati safi.

"Koo limefunga?" nilimuuliza.

"Kidogo."

"Una bahasha?"

"Ninayo. Lakini ni ya kumpa mkononi nikishasema."

Yaliyotokea chumbani niliyasikia mara mbili, kwanza kwa Ilpo, baadaye kwa Raimo mwenyewe, na maneno yalikuwa yale yale. Ilpo alikaa dakika kumi peke yake na nyimbo zake. Kisha akamwita.

"Kaa, Raimo," alisema. "Kazi yako inaisha mwishoni mwa Desemba. Mashine ya kamera inachukua nafasi ya wakaguzi. Si kwa sababu ya kosa lolote lako. Macho yako ni mazuri kuliko ile mashine, na nimeandika hivyo."

Raimo alivua kofia yake ngumu. Ilpo alibaki kitini. Alihesabu pumzi. Mwaka jana angekimbia.

"Ulijua tangu lini?" Raimo aliuliza.

"Wiki tano."

"Wiki tano. Na kila siku tunakunywa kahawa meza moja."

"Ndiyo. Sikuruhusiwa kusema."

"Na siku ile uliponiita kipofu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Raimo aligeuza kofia yake mikononi. "Mbona hukubandika bahasha kama ile ya Sirkka?"

"Kwa sababu ya Sirkka," Ilpo alisema. "Uliza chochote, Raimo. Nina saa nzima. Outi yuko chumba cha pili, ukimtaka."

Raimo hakumtaka Outi. Aliuliza habari za mafunzo ya kazi nyingine, na za barua ya kumsifia kazi yake. Ilpo alimjibu yote, hata yale ambayo jibu lake lilikuwa baya. Kisha Raimo alichukua bahasha, akatoka. Mkono hakumpa.

Ilpo alirudi nyumbani saa kumi na nusu. Alipiga dakika zake kumi na tano, akaja akala. Bakuli lilipokuwa tupu, akaweka kijiko chini.

"Nimesema," alisema. "Nimepoteza rafiki, lakini nimesema."

Krismasi ilikuwa ya kimya. Kila mwaka Raimo alituletea samaki wa moshi aliowavua mwenyewe. Mwaka huo hakuja. Tulikula nyama, na hakuna aliyetaja samaki. Januari watu wanane hawakuonekana tena kiwandani. Mashine ilifungwa mahali pa Raimo, ikaanza kukagua. Ilpo aliendelea na dakika zake, kodiani ikiwa na mapengo yale yale. Outi alimpima, akakuta mia moja thelathini na nane juu, themanini na sita chini. Alimwambia asiache dawa, na nyimbo pia asiache.

"Nimepona?" Ilpo alimuuliza.

"Umejifunza kubeba," Outi alisema. "Njoo tena mwezi wa tatu."

Alhamisi moja ya Februari nilikuwa nakoroga supu. Ilpo alikuwa kwenye chumba cha sauna, akiguna palipokuwa na mapengo. Mlango uligongwa. Nilifungua. Alikuwa Raimo, theluji imemjaa mabegani. Mkononi ana mfuko wa plastiki, mgongoni ana gitaa la besi.

"Shemeji," alisema, "yupo yule bwana?"

"Si unamsikia."

"Namsikia toka barabarani. Wiki ya tatu sasa napita hapa kwa miguu, kila siku nasikia kodiani haina meno. Aibu hiyo. Mji mzima utasema ni mimi niliyeitia nta."

"Karibu ndani, Raimo." Nilimpisha mlangoni. "Umepata kazi?"

"Bado. Usiniulize leo."

Alivua buti, akapita mpaka chumba cha sauna. Nilimfuata na mwiko mkononi. Ilpo aliacha kupiga. Alisimama na kodiani kifuani.

Raimo alifungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na donge la nta ya nyuki, kisufuria kidogo, na koleo nyembamba.

"Ilete," alisema.

"Raimo, mimi..."

"Ilete, nimesema. Ulipoacha bendi ulisema bosi hawapigii dansi watu wake, sivyo? Mimi si mtu wako tena. Umenifukuza mwenyewe, nikiwa nimekaa kitini. Sasa huna kisingizio."

Ilpo alivua mikanda, akampa kodiani. Niliwaacha. Walikaa humo zaidi ya saa moja, na nyumba nzima ikanukia nta. Kisha nikasikia sauti moja, ya juu kabisa, ambayo ilikuwa haijatoka tangu kodiani ipelekwe ghalani. Ikarudiwa, halafu besi ikaingia chini yake.

Nilizima jiko. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni, nikasikiliza tango lile zito mpaka mwisho, na la pili, na la tatu. Supu ilipoa. Safari hii niliiacha ipoe.